Bidhaa Ikishauzwa Hairudishwi: Uhakiki wa Lugha ya Risiti, Sheria na Lalamiko la Mlaji nchini Tanzania na Kenya

1.0 Utangulizi

Katika maduka mengi ya Tanzania na Kenya, mnunuzi hukabidhiwa sentensi moja fupi pamoja na bidhaa yake. Hugongwa muhuri chini ya stakabadhi ya mkono, huchapishwa mwishoni mwa risiti ya mashine, au hubandikwa ukutani nyuma ya muuzaji: “Bidhaa ikishauzwa hairudishwi.” Pengine husomeka “mali ikishauzwa hairudi” au “bidhaa ikishatoka dukani haipokelewi.” Haina jina la mwandishi, haina tarehe wala saini, na haitaji kifungu chochote cha sheria. Hata hivyo, huenda ndiyo matini ya kisheria inayosomwa na watu wengi zaidi katika maisha ya kila siku, na inayotiiwa bila kuulizwa.

Uhakiki huu unaichukua sentensi hiyo kama matini kamili na kuisoma sambamba na matini nyingine mbili: istilahi ambazo sheria na taasisi humwitia mtu anayelindwa, na istilahi zinazotumika kuitia njia anayopitia kutafuta nafuu. Sheria zinazorejelewa ni Sheria ya Ushindani ya Tanzania Bara ya mwaka 2003, sheria ya Zanzibar ya mwaka 2018, pamoja na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na sheria zilizotungwa baada yake.

Hoja kuu ni kwamba haki ya mlaji haidhoofiki kwa sababu sheria haipo. Sheria ipo, na katika nchi zote mbili ni pana. Haki hiyo inadhoofika kwa sababu sokoni sauti ya kukanusha haki husikika kwa Kiswahili fasaha, kifupi na chenye mamlaka ya methali, ilhali sauti ya kuithibitisha ilitungwa kwa Kiingereza na, hata inapofasiriwa, huja bila mtendaji na bila amri. Kwa hiyo swali la utatuzi wa migogoro ya walaji ni pia swali la sarufi: ni nani anayetajwa kuwa anapaswa kutenda nini?

2.0 Msingi wa Nadharia

Mihimili miwili inatumika. Wa kwanza ni nadharia ya vitendo-neno ya J. L. Austin, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1962 baada ya kifo chake. Austin alionesha kwamba baadhi ya tungo hazielezi jambo bali hulitenda, na kwamba ili zitende sharti msemaji awe na mamlaka na mazingira yawe mwafaka. Pia alitenganisha nguvu ya usemi na matokeo yake kwa msikilizaji. Utengano huu ni muhimu hapa, kwa kuwa usemi unaweza kukosa nguvu ya kisheria na bado ukaleta matokeo kamili.

Wa pili ni Uchanganuzi Hakiki wa Usemi, hasa katika mkondo wa Norman Fairclough, ambaye kitabu chake kuhusu lugha na mamlaka kilitoka mwaka 1989. Mkondo huo hutilia mkazo kauli ya kutendwa kama njia ya kumfuta mtendaji katika maelezo ya tukio. Hata hivyo, mhimili huu haufai kuhamishiwa katika Kiswahili bila kurekebishwa. Ulijengwa juu ya data za Kiingereza, na Kiswahili kina mfumo mpana wa unyambulishaji wa vitenzi ambamo kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka hutengana kwa viambishi dhahiri. Mhakiki anayetafuta tu mahali palipofutwa mtendaji ataukosa utengano huo, ilhali ndiko siri ya sentensi ya risiti ilikofichwa.

3.0 Sarufi ya Kukanusha

Sentensi ina maneno matatu. Neno la kwanza, bidhaa, ndilo kiima, na upatanisho wa i- unalitawala neno la pili na la tatu. Katika tukio linalohitaji watu wawili wanaokubaliana, muuzaji na mnunuzi, hakuna hata mmoja anayetajwa. Kilichobaki jukwaani ni kitu, nacho kinasimuliwa kana kwamba kina safari yake chenyewe.

Neno la pili, ikishauzwa, lina -ki- ya sharti na -sha- ya ukamilifu. Kwa pamoja viambishi hivi huweka mpaka wa wakati: kabla ya kuuzwa na baada ya kuuzwa. Mauzo hayawi tena mwanzo wa uhusiano ambamo muuzaji anabaki na wajibu, bali yanakuwa mwisho wake. Tofauti na “ikiuzwa” ni kubwa. “Ikiuzwa” huliacha tendo wazi, “ikishauzwa” hulifunga.

Neno la tatu ndilo zito zaidi. Hairudishwi limejengwa kwa hatua: rudi, rudisha, rudishwa, kisha likakanushwa. Kiambishi -sh- cha usababishi humwita mtendaji, kwani kitu hakirudishwi pasipo mrudishaji. Mara baada yake kiambishi -w- cha kutendwa humficha mtendaji huyohuyo. Ndani ya neno moja mtu ameitwa na kufichwa.

Linganisha na methali inayojulikana na kila mzungumzaji: “Maji yakimwagika hayazoleki.” Umbo ni lilelile: kiima kisicho mtu, kitenzi chenye -ki-, kisha kitenzi kilichokanushwa. Sentensi ya risiti inaazima mdundo huo, na kwa mdundo huo inaazima mamlaka ya hekima isiyobishaniwa. Lakini kuna tofauti ambayo sikio la haraka halioni. Hayazoleki ni kauli ya kutendeka: maji hayazoleki kwa sababu ya asili yake, hata mwenyewe angetaka. Hairudishwi ni kauli ya kutendwa: bidhaa ingeweza kurudi, ila kuna mtu asiyetaka irudi. Methali inaeleza jambo lisilowezekana. Risiti inaeleza uamuzi wa mtu na kuuvika vazi la jambo lisilowezekana.

Lahaja ya “mali ikishauzwa hairudi” inakamilisha uvishaji huo. Hapa -sh- na -w- vyote vimeondolewa. Hakuna mrudishaji hata wa kufichwa, na bidhaa yenyewe ndiyo inayokataa. Mnunuzi aliyesimama kaunta na birika la umeme lisilochemsha hana wa kubishana naye, kwa maana habishani na mtu bali na desturi ya mambo.

4.0 Sheria Inayopingana na Risiti

Katika sheria ya zamani, sentensi hii ilikuwa na mahali pa kusimama. Tanzania na Kenya zilirithi sheria za mauzo ya bidhaa zilizofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Mfumo huo uliingiza katika mkataba masharti fulani ya ubora na ufaafu hata yasipotamkwa, lakini uliruhusu pande mbili kuyaondoa kwa makubaliano. Muuzaji aliyetaka kujikinga aliweza kujikinga, mradi mnunuzi awe amekubali.

Hata chini ya mfumo huo, risiti ilikuwa chombo dhaifu. Mwaka 1940 Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua shauri la mtu aliyekodi kiti cha ufukweni kutoka Baraza la Mji wa Barry, akapewa tikiti, akaumia kiti kilipochanika. Nyuma ya tikiti palikuwa na maneno ya kuliondolea baraza dhima. Mahakama ilisema tikiti ile ilikuwa ushahidi wa malipo tu, wala si hati ambayo mtu wa kawaida angetarajia kukuta masharti ya mkataba ndani yake. Mantiki ni nyepesi: makubaliano yamekwisha, fedha imelipwa, ndipo karatasi inakuja. Sharti linalofika baada ya mkataba limechelewa. Ajabu ni kwamba -sha- ya “ikishauzwa” inalikiri jambo hilo: sentensi yenyewe inasema kwamba inazungumza baada ya mauzo.

Sheria mpya zimekwenda mbali zaidi. Sheria ya Ushindani ya Tanzania, Namba 8 ya mwaka 2003, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1994, haikuishia kwenye ushindani wa makampuni. Ina sehemu zinazohusu mwenendo wa kupotosha au kuhadaa, mwenendo unaokiuka dhamiri, masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mikataba ya walaji, wajibu wa wazalishaji na usalama wa bidhaa. Miongoni mwa uwakilishaji wa uongo unaokatazwa ni ule unaohusu kuwepo au kutokuwepo kwa haki, dhamana au nafuu ya mnunuzi. Katika Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, haki ya taarifa zinazomwezesha kunufaika nazo kikamilifu, haki ya kulindwa afya, usalama na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia kwa hasara au madhara yatokanayo na kasoro. Ibara hiyo inazibana bidhaa na huduma za mashirika ya umma sawasawa na za watu binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji, Namba 46 ya mwaka 2012, iliyoanza kutumika Machi 2013, inabatilisha sharti la mkataba linalokusudia kuyaondoa masharti ya ubora yaliyowekwa na sheria.

Kwa hiyo, sentensi ya risiti inapotumiwa dhidi ya bidhaa yenye kasoro, haina nguvu. Tena inakaribia kuwa kosa lenyewe, kwa kuwa inamweleza mnunuzi kwamba hana haki ambayo sheria imempa. Kwa lugha ya Austin, ni kitendo-neno kilichotamkwa na asiye na mamlaka. Lakini matokeo yake hayaathiriwi na ubatili huo. Mnunuzi anaisoma, anahesabu nauli ya kurudi mjini, anaamua kuliacha birika jikoni. Hakuna mahakama iliyohitajika ili haki ipotee.

Haki kwa muuzaji inadai jambo moja litajwe. Sentensi hii ina nusu iliyo halali. Mnunuzi aliyebadili nia, aliyechoka na rangi ya shati lisilo na kasoro, kwa kawaida hana haki ya kurudisha isipokuwa muuzaji akubali, au mkataba uwe wa aina ambazo sheria imezipa muda wa kujitoa, kama baadhi ya mikataba inayofanyiwa nje ya duka nchini Kenya. Tatizo la “hairudishwi” ni kwamba haitenganishi mnunuzi aliyebadili nia na mnunuzi aliyeuziwa kibovu. Inautumia uhalali wa jambo la kwanza kufunika uharamu wa la pili.

5.0 Mnunuzi, Mteja, Mlaji, Mtumiaji

Mtu anayelindwa na sheria hizi ana majina mengi, na kila jina lina mipaka yake. Mnunuzi ni mtu wa tukio moja: yupo pale fedha inapobadilishana na bidhaa. Mteja ni mtu wa uhusiano: hurudi dukani palepale, hujulikana, huenda akakopeshwa. Mlaji, jina linalotumiwa na Tume ya Ushindani ya Tanzania Bara, ni istilahi ya kiuchumi inayosimama mkabala wa mzalishaji. Mtumiaji ndilo jina lililochukuliwa na mabaraza ya kisekta, kama vile Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano na lile la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji.

Tofauti hizi zina uzito wa kisheria, na shauri linaloonesha hivyo vizuri zaidi lilitokea Scotland. Mwaka 1928, katika mkahawa mmoja mjini Paisley, mwanamke alinywa kinywaji cha tangawizi kutoka katika chupa isiyopenyeza mwanga. Alidai kwamba mlikuwa na mabaki ya konokono ndani yake na kwamba aliugua. Aliyelipia kinywaji hicho alikuwa rafiki yake. Mwanamke huyo hakuwa mnunuzi, hakuwa na mkataba na mwenye mkahawa, wala na mtengenezaji. Mwaka 1932, katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson, Baraza la Malodi liliamua kwamba mtengenezaji anawajibika kwa uangalifu kwa yule atakayekitumia kinywaji chake. Kwa istilahi za Kiswahili, kiini cha uamuzi kinaweza kusemwa kwa sentensi moja: mlaji ana haki hata asipokuwa mnunuzi.

Kiswahili, basi, kilikuwa tayari na maneno ya kutenganisha kile ambacho sheria ya kigeni ilihitaji shauri refu kukitenganisha. Lakini hazina hiyo haijatumiwa ipasavyo. Sheria ya mwaka 2003 inamfasili mlaji kwa kuanzia kwenye tendo la kununua kwa lengo lisilo la kuuza tena. Jina ni la mlaji, fasili ni ya mnunuzi. Mtoto aliyelishwa maziwa yaliyoharibika, mpangaji anayetumia jiko lililonunuliwa na mwenye nyumba, na mgonjwa aliyeletewa dawa na shangazi yake ni walaji kwa maana ya neno, lakini msomaji wa fasili atalazimika kuwatafutia mlango mwingine wa kuingilia. Mfasiri wa sheria anayeandika “mlaji” bila kuitazama fasili huahidi zaidi ya kile sheria inachotoa. Anayeandika “mnunuzi” hukata hata kile ambacho mahakama zimekwishakitoa.

Pia kuna mwangwi usiokwepeka. Katika Kiswahili cha Tanzania, ulaji humaanisha pia cheo au nafasi yenye kujinufaisha. Mlaji wa lugha ya mtaani ni mtu anayefaidi, wala si mtu anayeumizwa. Neno “mtumiaji” halina mwangwi huo, na upeo wake unamkumbatia asiyenunua. Zanzibar, ambako sheria ya mwaka 2018 inataja katika jina lake ushindani halali wa biashara na ulinzi wa mtumiaji kwa pamoja, imemwondoa mtu huyo nyuma ya pazia la ushindani. Huko Bara bado anatafutwa ndani ya sheria ambayo jina lake halimtaji.

6.0 Kulalamika na Kudai

Njia ya kutafuta nafuu nchini Tanzania ina hatua kadhaa. Mwenye bidhaa mbovu huanza kwa muuzaji. Akishindwa, huweza kupeleka jambo lake Tume ya Ushindani, ambayo ina mamlaka ya kuchunguza, kutoa amri za utekelezaji na, kwa maombi ya aliyepata hasara, amri za fidia. Huduma zinazodhibitiwa zina milango yake: mawasiliano, nishati na maji, usafiri wa ardhini na wa anga kila moja ina mamlaka yake, na kanuni ya jumla ni kwamba mtoa huduma apewe kwanza nafasi ya kulitatua. Mizozo ya bima ina msuluhishi wake. Rufaa kutoka kwa Tume na mamlaka hizo huelekea Baraza la Ushindani, ambalo mwenyekiti wake ni Jaji wa Mahakama Kuu.

Katika hatua za mwanzo, neno linalotawala ni “malalamiko”. Kuna fomu za malalamiko na madawati ya malalamiko, na mtu mwenyewe ni mlalamikaji. Kitenzi -lalamika kina jirani zake katika lugha: -nung'unika, -lia, -sikitika. Mlalamikaji humweleza mwenye uwezo shida yake na kungoja huruma. Kitenzi -dai kina jirani wengine: deni, mdai, mdaiwa. Anayedai ana chake mkononi mwa mwingine. Aliyeuziwa birika bovu hana shida tu, anadai. Fedha yake iko kwa muuzaji bila kupata kilichoahidiwa.

Kwamba dola inaweza kuzungumza na mnunuzi kwa lugha ya kudai si jambo la kudhania. Kampeni ya kodi ya Tanzania imefanya hivyo kwa miaka mingi: “Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti.” Tazama tofauti ya sarufi. Nafsi ya pili inatajwa mara mbili kwa u-, vitenzi viko katika kauli ya kutenda, na amri mbili zimewekwa sambamba ili kila upande uone wajibu wake. Muuzaji yumo, mnunuzi yumo, na neno “dai” limetumika bila haya. Dola ilipotaka kodi yake iliandika hivyo, na kaulimbiu ikaingia vinywani mwa watu. Haki ya mnunuzi mwenyewe haijapata sentensi ya namna hiyo. Risiti ileile ambayo mnunuzi anahimizwa kuidai kwa ajili ya hazina ya taifa ndiyo ushahidi wake wa kwanza wakati bidhaa inapoharibika, lakini ndiyo pia karatasi inayomwambia kwamba bidhaa hairudishwi.

Kenya inatoa ulinganisho wenye mafunzo. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, ambayo mahakama yake ya kwanza ilianza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, inashughulikia madai ya hadi shilingi milioni 1 za Kenya. Sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60, na mahakama haifungwi kwa ukali na kanuni za kitaalamu za ushahidi. Rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za kisheria tu. Hapa mwenye birika si mlalamikaji bali ni mdai, na muda anaosubiri umetajwa kwa tarakimu. Tarakimu hiyo ina kazi ya kiusemi: inamtaja mtendaji, yaani mahakama, na kuupima utendaji wake. Shauri likivuka siku 60, hata asiyejua sheria anajua kwamba kuna aliyekosea.

Kwa upande wa lugha, Tanzania imepiga hatua ambayo Kenya haijaifikia. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya lugha ya sheria kuwa Kiswahili, na lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya kutoa haki kuwa Kiswahili, huku Kiingereza kikibaki kwa hali ambazo maslahi ya haki yanakihitaji. Katika Mahakama za Mwanzo hilo lilikuwa jambo la kawaida. Kwa vyombo vya ushindani, ambavyo sheria yake ilitungwa kwa Kiingereza na kwa istilahi zinazofanana sana na zile za sheria ya Australia ya mwaka 1974, ni mwanzo mpya. Kufasiri “mwenendo unaokiuka dhamiri” ni kazi ngumu. Iliyo ngumu zaidi ni kuamua ni nani atakayekuwa kiima cha sentensi iliyofasiriwa.

7.0 Hoja Kinzani

Hoja mbili zinaweza kutolewa dhidi ya uhakiki huu. Ya kwanza ni kwamba kinachomzuia mlaji ni gharama, wala si sarufi. Bidhaa nyingi zinazozozaniwa ni za thamani ndogo, na nauli, muda na siku ya kazi iliyopotea huzidi bei ya bidhaa. Hoja hii ni ya kweli, lakini inaimarisha msimamo wa uhakiki huu badala ya kuubomoa. Mzozo wenye thamani ndogo hutatuliwa kaunta au hautatuliwi kabisa. Katika kaunta hakuna wakili wala hakimu. Silaha zilizopo ni maneno tu, na kwa sasa maneno yote yaliyoandikwa yako upande mmoja.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mwenye duka dogo si mzalishaji. Amenunua bidhaa zake kwa muuzaji wa jumla, pengine Kariakoo au Gikomba, naye huko ameambiwa sentensi ileile. Akilipokea birika bovu, hasara inabaki kwake. Kwa mtazamo huu “hairudishwi” ni ngao ya mnyonge. Hoja hii inastahili heshima, na inaonesha kwamba sentensi husafiri: mwagizaji humwambia wa jumla, wa jumla humwambia wa rejareja, wa rejareja humwambia mnunuzi, na kila mmoja huirithi kutoka juu. Hapo ndipo kufichwa kwa mtendaji kunapoonesha madhara yake yote. Kwa kuwa sentensi haimtaji mrudishaji, hakuna kiungo katika mnyororo kinachoulizwa, na hasara humshukia wa mwisho, asiye na wa kumwambia. Sheria ya mwaka 2003, kwa kuweka wajibu kwa wazalishaji, ilikwisha kuona kwamba mnyororo una mwanzo. Muuzaji mdogo anayeambiwa kwamba yeye pia anaweza kudai kwa aliyemuuzia atakuwa na sababu ndogo ya kujificha nyuma ya -w-.

8.0 Hitimisho

Imeoneshwa kwamba sentensi ya risiti huazima umbo la methali ili uamuzi wa muuzaji uonekane kuwa asili ya mambo. Kwamba sheria za nchi zote mbili zinaipinga inapohusu bidhaa zenye kasoro. Kwamba jina la anayelindwa na fasili yake havilingani. Na kwamba mtu mwenye dai huitwa mlalamikaji. Kwa pamoja, mambo haya yanaeleza jinsi haki iliyoandikwa vizuri inavyoweza kupotea bila shauri lolote kufunguliwa.

Mchango wa uhakiki huu kwa Uchanganuzi Hakiki wa Usemi ni kwamba, katika Kiswahili, swali la nani amefichwa halitoshi. Sharti liulizwe pia ni kwa kiambishi kipi amefichwa. Kati ya -w- na -k- kuna umbali kati ya asiyetaka na kisichowezekana, na umbali huo ndio uwanja wa mzozo wote wa mlaji.

Kwa wafasiri wa sheria na waandaaji wa fomu, pendekezo ni la kisarufi na linapimika. Kila haki ya mlaji iandikwe kwa kauli ya kutenda, mwenye wajibu atajwe, na muda utajwe kwa tarakimu. Chukuliwe, kama kielelezo cha umbo, sentensi hii: “Ukiuziwa kibovu, dai, muuzaji ataitengeneza bidhaa, ataibadilisha au atakurudishia fedha.” Haina mdundo wa methali, na haihitaji kuwa nao. Ina muuzaji ndani yake, ina mnunuzi, na kitenzi rudisha kimepata mtendaji wake.